Jeti ya Kabureta Baada ya Kubadili Ekzosi na Chujio la Hewa

Imekuwa kaida miongoni mwa vijana waendeshao pikipiki, wawe wa bodaboda au wa kujifurahisha, kwamba chombo kikishanunuliwa na kuzoewa, jambo la kwanza kutamaniwa ni kuivua ekzosi ya kiwandani na kutia nyingine iliyo fupi, nyepesi na yenye sauti, na la pili ni kuliondoa sanduku la chujio la hewa na kuuvika mdomo wa kabureta chujio dogo la mviringo lililo wazi pande zote. Na mambo hayo mawili yakishatendeka, pikipiki ikaanza kukohoa inapovutwa mafuta, au kulipua katika ekzosi inapoachiwa mteremkoni, fundi husema neno moja ambalo limekuwa kama hukumu isiyokatiwa rufani: jeti ni ndogo, na ipanuliwe. Yamkini hukumu hiyo ni sahihi. Walakini mara nyingi hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa, na aliyeitoa hakuulizwa ni jeti ipi katika zilizomo, wala ni katika kadiri gani ya mkono wa mafuta pikipiki inaposumbuka. Kwa rai yangu jeti hubadilishwa kwa sababu shinikizo la hewa ndani ya koo la kabureta limebadilika, na katika mageuzi hayo mawili lile lisilosikika masikioni mwa watu, yaani la chujio, ndilo lenye taathira kubwa zaidi.

Tuanze na mahitaji ya injini, maana kabureta haina kazi nyingine isipokuwa kuyatimiza. Kilo moja ya petroli, ili iteketee kwa ukamilifu, huhitaji kilo 14.7 za hewa. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi mno ikilinganishwa na mafuta, hesabu hiyo ikigeuzwa kuwa ya ujazo hupatikana kwamba lita moja ya petroli humaliza takriban lita 9,000 za hewa ya pwani. Nguvu nyingi kabisa hupatikana pale mafuta yanapozidishwa kidogo kupita kadiri hiyo, hewa ikawa kati ya kilo 12.5 na 13 kwa kilo moja ya petroli. Na injini inayopozwa kwa upepo, kama zilivyo nyingi za pikipiki zetu, huihitaji ziada hiyo pia ili kichwa cha silinda na valvu ya moshi visipate joto la kuviharibu. Chukua injini ya ujazo wa 125 inayozunguka mara 8,000 kwa dakika: huvuta hewa mara 4,000, na ikiwa kila mvuto huijaza silinda kwa sehemu nane za kumi, jumla ni lita 400 kwa dakika, ambazo hutaka petroli ya sentimita za ujazo 50 hivi. Kiasi hicho hupimwa na kipande kidogo cha shaba ya manjano chenye tundu la upana wa milimita moja au karibu yake, na kosa la unene wa unywele mmoja katika tundu hilo laweza kuyabadili mafuta kwa zaidi ya sehemu kumi katika mia.

Hikima inayotumiwa katika upimaji huo ilijulikana kabla ya pikipiki kuwako. Mtaalamu wa Italia, Giovanni Battista Venturi, alieleza mwaka wa 1797 habari za vitu vimiminika vinavyopita katika mfereji uliobanwa, kwamba mahali pa kubanwa kasi huongezeka na shinikizo hushuka; na Wilhelm Maybach, Mjerumani, alipotengeneza kabureta ya kunyunyiza mwaka wa 1893, petroli ilinyonywa na mkondo wa hewa kupitia tundu jembamba, na kabureta za pikipiki zilizokuja baadaye zina nasaba hiyo. Mnywaji wa dafu hudhani kwamba anayavuta maji kwa mdomo wake, kumbe hewa iliyo ndani ya dafu, juu ya maji, ndiyo inayoyasukuma yapande katika mrija, kwa sababu mdomoni shinikizo limepungua. Hali kadhalika bakuli la kabureta lina tundu linaloliunganisha na hewa ya nje, shinikizo ndani yake ni lile la dunia nzima, na petroli hupanda kupitia jeti kwa kadiri ya tofauti iliyopo kati ya shinikizo la bakuli na shinikizo la koo.

Hapa ndipo penye kiini cha mas'ala yetu, na pana swali ambalo wengi hawaliulizi. Ikiwa injini iliyofunguliwa njia zake huvuta hewa nyingi zaidi, na hewa ikizidi kasi yake kooni huzidi, na kasi ikizidi shinikizo hushuka na petroli hupanda kwa wingi, basi kabureta ingepaswa kujirekebisha yenyewe bila ya mkono wa mtu. Kwa nini mafuta yapungue? Jawabu limo katika lile sanduku. Hewa inayopita katika mlango mwembamba wa sanduku, kisha katika chujio, hufika mdomoni mwa kabureta ikiwa imekwisha kupoteza sehemu ya shinikizo lake, na koo huipunguzia tena. Kwa hiyo nguvu inayoipandisha petroli ni jumla ya upungufu wa namna mbili, na mtengenezaji alipoichagua jeti aliichagua kwa mujibu wa jumla hiyo. Sanduku likiondolewa, upungufu wa kwanza hutoweka, tofauti kati ya bakuli na koo huwa ndogo, na hewa ileile iliyokuwa ikipata mafuta ya kutosha sasa hupata pungufu. Ndiyo maana pikipiki iliyotolewa sanduku hulegea hasa inapovutwa mafuta hadi mwisho, kwani hapo ndipo kizuizi cha chujio kilipokuwa na nguvu zaidi. (Ziko kabureta ambazo pumzi ya bakuli lake imeelekezwa ndani ya sanduku lenyewe; hizo zina hukumu yake, na fundi mwangalifu hufuata mpira wa pumzi aone unakoishia kabla ya kusema lolote.)

Ekzosi ina habari nyingine. Moshi hutoka katika silinda kwa vishindo, na kila kishindo hupeleka wimbi katika bomba, ambalo likifika mahali bomba linapopanuka au kuishia hurudi nyuma likiwa limegeuka kuwa mvuto. Likifika kwenye silinda katika dakika ile fupi ambapo valvu ya moshi haijafunga na ya hewa imekwisha kufunguka, huusaidia mchanganyiko mpya kuingia, na injini hupata nguvu. Lakini katika mwendo mwingine wimbi lifikalo huwa la kusukuma, na mchanganyiko hurudishwa nyuma hadi nje ya mdomo wa kabureta, kisha huvutwa tena. Na hewa iliyopita kooni mara mbili au tatu huchota petroli kila inapopita, ikawa nzito kupita kiasi. Ekzosi moja, basi, huweza kuupunguzia mchanganyiko mafuta katika mzunguko mmoja na kuuzidishia katika mwingine, na hakuna jeti duniani iwezayo kuyasahihisha yote mawili kwa pamoja. Ninalolijua ni kwamba ekzosi ikibadilishwa peke yake, sanduku likabaki mahali pake, aghalabu hudai nyongeza ya hatua moja katika jeti kubwa, na mara nyingine haidai kitu.

Imani ya kwamba ekzosi mpya lazima ije na jeti mpya ina asili yake, nayo si ya kwetu. Nchini Marekani sheria za moshi wa pikipiki zilianza kutumika kwa zile za mwaka wa 1978, na watengenezaji, ili wazitimize, wakapunguza mafuta katika mwendo wa polepole na wa kati, wakaiziba kwa kizibo cha shaba skrubu ya mchanganyiko ili mnunuzi asiiguse. Pikipiki hizo zilitoka kiwandani zikiwa kwenye ukingo wa njaa, na kizuizi chochote kikiondolewa zilivuka ukingo huo. Ikazuka biashara ya kuuza jeti na sindano pamoja na ekzosi, na nasaha zake zikasafiri hadi kwetu zikiwa zimeiacha nyuma sababu yake. Ulaya iliacha kabureta karibu zote katika pikipiki baada ya kanuni za mwaka wa 2006, na India, ambako nyingi za pikipiki zetu hutoka, ilifuata mwaka wa 2020. Walakini nyingi zinazoletwa Afrika bado zinakuja na kabureta, na hazikutegwa kwa kipimo kile cha Marekani. Anayefuata nasaha ile bila ya kupima huweza kuongeza mafuta katika injini ambayo mafuta hayakuipungukia.

Kuna la kusemwa kwa insafu pia juu ya faida inayotafutwa. Honda ilipoitoa CG125 mwaka wa 1976 iliwakusudia watu watakaoibebesha mizigo na kuihudumia kwa nadra, valvu zake zikaendeshwa kwa fito ili pasiwe na mnyororo wa kurekebishwa, na pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabarani mwetu zimetokana na injini hiyo. Injini ya namna hii hutoa nguvu farasi 11 hivi inapozunguka kwa kasi kubwa, na ekzosi ya sauti haiwezi kuigeuza kuwa kitu kingine. Huongeza kidogo juu kabisa, mahali ambapo dereva aliyepakia abiria na gunia hafiki, na pengine hupunguza chini, anapohitaji kuanza kilima. Ama chujio lililo wazi, ninalipinga waziwazi. Vumbi la barabara zetu za changarawe lina chembe ngumu kama za kioo, nazo zikipita huisaga silinda na ringi zake, na mvua ikinyesha chujio hilo huloa na kuziba. Sanduku linalodharauliwa liliwekwa ili lichote hewa mahali pa juu, pakavu, palipotulia, na faida yoyote ya nguvu hulipwa kwa umri wa injini. Mwenye kutafuta riziki kwa pikipiki yake, akiniuliza, nitamwambia abadili ekzosi akipenda, na sanduku asiliguse.

Illa kama mageuzi yamekwisha kufanywa, kazi ya fundi huanza mbali na jeti. Hewa iingiayo kwa siri katika mpira unaoiunganisha kabureta na kichwa cha silinda huleta dalili zilezile za upungufu wa mafuta, na kadhalika gasketi ya ekzosi iliyokaa vibaya baada ya ekzosi mpya kufungwa, valvu zilizobana, floti iliyopinda ikalifanya bakuli lisijae, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo huifanya injini igonge na dereva akadhani inakosa mafuta. Jeti ikibadilishwa hali mojawapo ya hizo haijarekebishwa, fundi atakuwa ameficha ugonjwa mmoja kwa kuleta wa pili, na atakayekuja baada yake atapata taabu kuyatenganisha mashina yake.

Baada ya hapo ni sharti ijulikane kwamba kabureta ni mizani kadhaa zilizopangwa moja baada ya nyingine, kila moja na zamu yake. Injini inaposhika sailensa, na hadi mkono wa mafuta uvutwe kiasi cha robo, anayetawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu yake. Slaidi inapoanza kupanda, mkato ulio chini yake huwa na sauti. Kutoka robo hadi robo tatu hutawala sindano inayoning'inia katika slaidi na tundu inamopita. Na jeti kubwa, ambayo kwayo watu huanza na kuishia, haina amri kamili ila kuanzia robo tatu hadi mwisho. Ndiyo sababu ya mimi kusikitika nionapo jeti kubwa ikipanuliwa ili kuponya milipuko ya mteremkoni. Milipuko hiyo hutokea mkono wa mafuta umefungwa, wakati jeti kubwa imelala. Mchanganyiko mwepesi wa jeti ndogo hushindwa kuwaka ndani ya silinda, hutoka mbichi, na hukutana na joto na hewa ndani ya bomba. Na ekzosi ya wazi humsikilizisha dereva hata milipuko midogo ambayo ile ya kiwandani ilikuwa ikiimeza. Nusu ya mzunguko wa skrubu, au jeti ndogo iliyokuzwa kwa hatua moja, huimaliza. Na hata skrubu hiyo ina siri yake: ikiwa iko upande wa chujio, hupima hewa, na kuifungua ni kupunguza mafuta, ikiwa iko upande wa injini, hupima mafuta, na kuifungua ni kuyaongeza. Fundi asiyeangalia iko upande gani hugeuza kinyume na anavyotaka, kisha huilaumu jeti.

Dereva anaweza kumsaidia fundi kwa utepe mmoja. Auzungushe kwenye mkono wa mafuta na kuutia alama za robo, nusu na robo tatu, atie nyingine kwenye kipande kisichozunguka, kisha aende barabara iliyonyooka, isiyo na watu, injini ikiwa imepata moto, na atazame ubovu hutokea mkono ukiwa kwenye alama ipi. Mchanganyiko ukiwa mwepesi, injini husita inapovutwa, husukasuka katika mwendo mmoja, huchelewa kushuka mzunguko inapoachiwa, na choki ikivutwa kidogo hupata nafuu. Ukiwa mzito, hulemewa na kumisi kwa sauti nzito, hunuka petroli, huwa mbaya zaidi ikipata moto, na hupata nafuu hewa inapoongezwa. Jaribio hilo la choki ni rahisi, na lina yakini kuliko mabishano ya nusu siku chini ya mwembe. Plagi pia husema, ila kwa sauti iliyofifia tangu petroli yenye risasi ilipoondolewa katika nchi zetu kufikia mwaka wa 2006: rangi ya hudhurungi iliyokuwa dalili ya wazee haijitokezi upesi, na mwenye kutaka ithibati hutia plagi mpya, huvuta mafuta hadi mwisho kwa muda katika gia ya juu, huzima injini na kushika klachi kwa pamoja, kisha huifungua plagi palepale na kutazama ndani kabisa, penye mzizi wa kauri. Akifanya hivyo baada ya kuiacha ikinguruma kituoni, atakuwa anasoma habari za jeti ndogo akidhani ni za kubwa.

Mafundi wamekhitilafiana juu ya utaratibu wa kuanza, na mimi niko pamoja na wanaoanza na jeti kubwa, kwa kuwa petroli iendayo kwenye sindano hupita kwanza humo. Ikishapatikana inayovuta vizuri hadi mwisho, ifuate sindano, ambayo kwa kawaida ina mikato mitano kichwani: klipu ikishushwa mkato mmoja sindano hupanda na mafuta huzidi, ikipandishwa hupungua, mwisho ije jeti ndogo na skrubu. Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na namba iliyotolewa na iliyotiwa ziandikwe.

Namba zenyewe zataka hadhari. Katika jeti nyingi huhesabu upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, na katika baadhi za Mikuni huhesabu kiasi kinachopita kwa dakika, kwa hiyo namba moja ya Mikuni na ya Keihin si lazima ziwe sawa. Aidha mafuta hufuata eneo la tundu, nalo hukua upesi kuliko upana wake: kutoka 100 hadi 105 ni nyongeza ya sehemu ya kumi, na hadi 110 ni zaidi ya sehemu ya tano, kiasi kinachotosha kuivusha injini kutoka njaa hadi kuvimbiwa. Sembuse basi yule anayeichokonoa jeti kwa uzi wa kebo ya breki, au kuipanua kwa kitobozi! Tundu hukwaruzika na kupoteza duara lake, namba iliyochongwa ubavuni huwa ya uongo, na siku pikipiki itakapofika kwa fundi mwingine atakuwa akisoma hati iliyoghushiwa. Jeti iliyoziba husafishwa kwa petroli safi na hewa ya pampu, na inayotakiwa kuwa kubwa hununuliwa, kwani bei yake ni ndogo mno kuliko pistoni moja.

Limebaki suala la mwinuko, ambalo watu wa pwani hulisahau. Kabureta hupima hewa kwa ujazo na kasi yake, haina habari za uzito. Na hewa ya Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu kumi katika mia, hata pikipiki iliyotegwa vyema Mombasa huwa na mafuta ya ziada ikifika huko. Ziada hiyo haiui: nguvu hupungua, petroli huliwa, plagi huwa nyeusi. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Pikipiki iliyopunguziwa jeti Lushoto au Njombe ili iwe nyepesi katika hewa ya huko, kisha ikauzwa Tanga au Dar es Salaam, huteremka na upungufu wake katika hewa nzito, na ikiwa juu ya hayo ina ekzosi ya wazi na haina sanduku, sababu tatu za joto zitakuwa zimekutana kwenye valvu moja. Anayeiuza hana budi kumwambia mnunuzi namba ya jeti iliyomo na kumkabidhi ile ya zamani, na mnunuzi, kabla ya kuivuta hadi mwisho hata mara moja katika barabara ya pwani, airudishe mahali pake.